Ndugu Mbele ya Sheria: Historia ya Malezi ya Ukoo nchini Marekani

Katika historia ya ustawi wa watoto nchini Marekani, suala lililobishaniwa kwa muda mrefu halikuwa iwapo bibi au shangazi anaweza kumlea mtoto aliyekosa matunzo ya wazazi wake, kwa kuwa hilo lilifanyika kila siku bila kibali cha mtu, bali iwapo serikali inapaswa kumwezesha kama inavyomwezesha mlezi asiye na undugu na mtoto. Malezi ya kambo ni mpango ambao mtoto aliyeondolewa nyumbani kwa amri ya mahakama hulelewa kwa muda na familia nyingine, chini ya usimamizi wa serikali na kwa malipo yake. Mlezi huyo anapokuwa jamaa wa mtoto, mpango huo huitwa malezi ya ukoo.

Mashirika ya hisani ya karne ya 19 hayakuwapa ndugu nafasi kubwa. Kuanzia mwaka 1854 hadi 1929, shirika la Children's Aid Society la New York, lililoasisiwa na mchungaji Charles Loring Brace, pamoja na mashirika mengine ya aina hiyo, yalisafirisha kwa treni watoto wanaokadiriwa kufikia 200,000 kwenda kuishi na familia za mashambani, ingawa wengi wao walikuwa na mzazi aliye hai, kwa imani kwamba mtoto wa maskini huokolewa kwa kutengwa na mazingira aliyozaliwa. Familia za Wamarekani Weusi, ambazo kwa kiasi kikubwa hazikufikiwa na huduma hizo, ziliendelea kutegemea bibi, shangazi na majirani, desturi iliyokuwa imeimarishwa na utumwa, ambapo mzazi aliweza kuuzwa mbali na mwanawe wakati wowote.

Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935 iliwatambua ndugu kwa namna yake. Msaada wa fedha kwa watoto wenye uhitaji ulitolewa kwa mtoto wa chini ya miaka 16 aliyekuwa akiishi na mzazi au na mmoja wa jamaa waliotajwa katika sheria yenyewe, wakiwamo babu, bibi, kaka, dada, mjomba na shangazi, lakini msaada huo ulikuwa posho ndogo ya umaskini, si malipo ya kazi ya ulezi. Mwaka 1960 jimbo la Louisiana liliwafuta watoto wapatao 23,000 katika orodha ya msaada kwa madai kwamba nyumba zao hazikufaa kimaadili, na mwaka uliofuata serikali kuu ilianza kugharamia malezi ya kambo kwa watoto walioondolewa katika nyumba za namna hiyo. Tangu hapo palikuwa na mifuko miwili yenye viwango tofauti, na majimbo kadhaa yaliwaachia ndugu ule mdogo.

Tofauti hiyo ilifikishwa mahakamani kutoka jimbo la Illinois. Ndugu wanne waliondolewa kwa mama yao mwaka 1969, na mwaka 1972 idara ya jimbo iliwapeleka wawili kati yao kwa dada yao mkubwa na mumewe, baada ya kuthibitisha kwamba nyumba yao ilitimiza viwango vya leseni. Kwa kila mtoto, mlezi asiye ndugu alilipwa dola 105 kwa mwezi, ilhali dada huyo alipewa takriban dola 63, kwa hiyo wenzi hao wakashindwa kuwachukua watoto wawili waliobaki, nao wakaendelea kulelewa na watu wasio ndugu zao. Mwaka 1979, katika hukumu ya Miller dhidi ya Youakim iliyoandikwa na Jaji Thurgood Marshall, Mahakama ya Juu iliamua kwamba fedha za serikali kuu za malezi ya kambo haziwezi kunyimwa mlezi aliyetimiza masharti kwa sababu tu ya undugu wake na mtoto.

Mwaka mmoja kabla ya hukumu hiyo, Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Ustawi wa Watoto wa Kihindi, yaani watoto wa mataifa ya wenyeji asilia wa Marekani. Tafiti zilizowasilishwa bungeni zilikuwa zimeonyesha kwamba kati ya asilimia 25 na 35 ya watoto hao walikuwa wametenganishwa na familia zao, wengi wakilelewa nje ya jamii zao, na kwa hiyo sheria iliweka mpangilio wa kipaumbele unaoanza na jamaa wa ukoo. Hapa ukoo ulilindwa kwa sababu pana zaidi, kwamba taifa linalopoteza watoto wake hupoteza pia mustakabali wake, na Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hiyo mwaka 2023.

Kwa watoto wengine, kipaumbele kilichelewa. Katika miaka ya 1980, janga la kokeni na UKIMWI lilipoongeza idadi ya watoto walioondolewa majumbani huku walezi wa kawaida wakiwa haba, majiji makubwa yaliwageukia bibi na mashangazi kwa haraka. Sheria ilifuata nyuma ya uhitaji: mwaka 1996 majimbo yalitakiwa kufikiria kumtanguliza jamaa mtu mzima, na mwaka 2008 yalilazimika kuwatafuta na kuwaarifu ndugu ndani ya siku 30 tangu mtoto aondolewe, yakaruhusiwa pia kulegeza masharti yasiyohusu usalama, kama vile idadi ya vyumba. Kanuni ya mwaka 2023 ilikwenda mbali zaidi kwa kuruhusu viwango vya leseni vilivyotungwa kwa ajili ya ndugu pekee, kwa sharti kwamba malipo yao yalingane na ya walezi wengine.

Hata hivyo, mafanikio hayo humhusu mtoto aliye mikononi mwa serikali, ilhali watoto wengi zaidi wanaolelewa na ndugu wako nje ya mfumo huo, baadhi wakiwa wamepelekwa huko kwa ushauri wa maofisa wa ustawi wa jamii wenyewe bila amri ya mahakama. Kwa familia hizo, mgawanyo uliozaliwa na mifuko miwili bado upo, kwa maana kwamba undugu hutosha kumpa mtu mzigo wa malezi, lakini pekee hautoshi kumpa haki ya kulipwa.