Mchanga Mweusi wa Muturi

Ukisoma shule yoyote ya Manyatta, kule Embu, lazima darasani kutakuwa na Muturi. Mimi nilisoma na wawili. Hakuna aliyewahi kushika nyundo: mmoja anaendesha boda, mwingine ni mhasibu Nairobi. Lakini jina lenyewe maana yake ni mhunzi, na mhunzi wa zamani katika jamii za kando ya Mlima Kenya hakuwa fundi wa kawaida tu. Watu waliogopa laana yake. Si ajabu, kwa sababu aliingiza mchanga ndani ya moto na kutoa jembe.

Mchanga huo haukuwa siri. Mlima Kenya ni volkano iliyozimika zamani, na miamba ya volkano huwa na magnetaiti, madini meusi ya chuma yanayovutwa na sumaku. Mvua inamomonyoa mwamba, maji yanachambua, chembe nzito zinabaki chini. Routledge na mkewe Katherine, katika kitabu chao cha 1910 kuhusu Wagikuyu, majirani zetu, walieleza jinsi mchanga wa aina hiyo ulivyooshwa na kupelekwa tanuruni.

Sasa, watu husema mhunzi "aliyeyusha" chuma. Hapana. Tanuru la udongo halikufikia joto la kuyeyusha chuma safi, ambalo ni zaidi ya nyuzi 1,500. Kazi kubwa ilifanywa na hewa. Mvukuto ulisukuma pumzi kwenye makaa, na makaa yakatoa kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua watu wanaolala na jiko chumba kimefungwa. Gesi hiyo ina njaa ya oksijeni. Inapogusa uso wa chembe ya magnetaiti inang'oa oksijeni iliyo juu, halafu inayofuata, tabaka kwa tabaka, hadi kinachobaki ni chuma. Kinatoka kama bonge lenye matundu, limejaa takataka, na hapo ndipo nyundo inaanza kupigwa. Kwa hiyo gesi ya kuua ndiyo iliyozaa jembe.

Reli ilifika Nairobi 1899, Waingereza wakaivamia Embu 1906, na waya na vyuma vya dukani vikafuata. Kwa nini uchome makaa siku nzima wakati chuma kinauzwa? Wahunzi waliendelea kufua, lakini matanuru yalizimwa.

Wakati huohuo Ujerumani kulikuwa na watu wanaotafuta kitu kingine kabisa. Hewa imejaa nitrojeni, karibu asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa hivyo, maana atomu zake mbili zimeshikana kama mapacha wanaokataa kuachana. Mwaka 1909 Fritz Haber alionyesha kwamba ukiipitisha pamoja na haidrojeni juu ya metali inayofaa, kwenye joto na shinikizo kubwa, unapata amonia. Yeye alitumia osmiamu, ambayo ni adimu mno. Kampuni ya BASF ikampa Alwin Mittasch kazi ya kutafuta kitu cha bei nafuu. Akajaribu maelfu ya michanganyiko. Kilichofaulu? Magnetaiti kutoka Sweden. Madini yaleyale ya Muturi! Na kabla haijafanya kazi, oksijeni yake nayo hung'olewa na gesi, safari hii haidrojeni, ibaki chuma chenye vitundu. Nitrojeni ikitua juu ya uso huo, pacha wanaachana.

Kiwanda cha Oppau kilianza 1913. Mwaka uliofuata vita vikaanza, meli za Uingereza zikaizuia Ujerumani kupata chumvi ya nitrati kutoka Chile, na amonia ya kiwandani ikageuzwa baruti. Bila hiyo, Ujerumani ingeishiwa risasi mapema zaidi. Hapa mimi husimama kidogo, kwa sababu vita hivyo vilitufikia. Mwaka 1917 wanaume walikokotwa kutoka wilaya nyingi za Kenya, na zetu pia, kwenda kubeba mizigo ya jeshi Tanganyika. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa kuhara na njaa. Kariokor ya Nairobi, pale unaponunulia kiondo, jina lake limetokana na kikosi hicho. Haber alipewa Nobel ya 1918. Jinsi hasa nitrojeni inavyovunjika juu ya chuma ilikuja kuthibitishwa baadaye na Gerhard Ertl, naye akapata yake 2007.

Nyanya yangu ana majani chai huko juu, karibu na msitu. Mwaka 2022 mbolea ilipopita shilingi 6,000 kwa gunia, alinyunyiza nusu ya shamba akaliachia Mungu nusu nyingine. Tofauti ilionekana hata kwa macho: upande mmoja kijani kibichi, mwingine umepauka kama nguo ya mtumba. Gunia la chai huandikwa 26-5-5. Hiyo 26 ni asilimia ya nitrojeni, yaani kwenye kilo 50 kuna kilo 13 zilizowahi kuwa hewa tupu, hadi zilipokutana na chuma.