Kinyago Bila Jina la Fundi



Hivi karibuni, nikitoka Nachingwea kwenda Ruangwa, nilipumzika chini ya mwembe alipokuwa mzee mmoja akichonga mpingo. Kazi yake ilipendeza. Nikamuuliza, "Mzee wangu, mbona huweki jina lako?" Akacheka. "Wanunuzi hawaniulizi jina, mwanangu. Wanauliza bei."

Jibu hilo lina historia ndefu huku kusini. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji viliwaka Umwera, na misheni ya Nyangao ikachomwa moto. Mwaka uliofuata akaja Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, Ujerumani. Alitoka Lindi, akapita Masasi hadi Newala, akikusanya vinyago na vyombo vya wenyeji. Je, watu waliotoka kupigwa vitani wangekuwa na ubavu gani wa kukataa kuuza? Na kwa desturi ya makumbusho ya siku zile, kinyago kiliandikwa jina la kabila, si la fundi.

Ajabu ni kwamba Weule huyohuyo aliwagawia watu penseli na karatasi wachore. Picha hizo zimo katika kitabu chake cha mwaka 1908, na baadhi ya wachoraji wametajwa, mmojawapo Pesa Mbili, Mnyamwezi aliyekuwa katika msafara wake. Kumbe kutaja jina kuliwezekana!

Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka 1985 kikanunuliwa na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Profesa Enrico Castelli alikigundua mwaka 1990, lakini kilirudishwa nyumbani mwaka 2010. Miaka 20! Na hicho kilikuwa mali ya serikali, kina mwenyewe anayejulikana. Je, cha mzee wa chini ya mwembe nani atakidai?

Wapo waliotuonyesha njia. Marehemu George Lilanga, Mmakonde aliyefariki mwaka 2005, alisafiri na jina lake. Leo kazi zake zinaitwa za Lilanga, huko Ulaya na Marekani.

Utandawazi ni soko, na sokoni mali isiyo na jina humtajirisha mchuuzi. Mafundi wetu, kisu kinachotoboa macho ya kinyago hakishindwi kuchora herufi chache chini yake. Nasi wanunuzi, kabla ya kuuliza bei, tuulize jina.

Kwa leo naishia hapo.