Kalamu Zisizo na Wino

Chini ya ubao kuna trei yenye nafasi nne za kalamu. Mwalimu akinyanyua nyekundu, maandishi yanatoka mekundu. Lakini kalamu hiyo ni plastiki tupu, haina hata tone la wino. Kinachoamua rangi ni kihisio kilichofichwa kwenye trei. Mtoto mtundu akizihamisha kalamu, mwalimu atashika nyekundu na kuandika kijani, darasa zima likicheka.

Ubao huo wa kugusa unaounganishwa na kompyuta, SMART Board, ulizaliwa Calgary nchini Kanada. David Martin na mkewe, Nancy Knowlton, walianzisha kampuni yao mwaka 1987, na mwaka 1991 wakautoa ubao wa kwanza. Mauzo yalisuasua. Wateja hawakuwa wamewahi kuona kitu cha namna hiyo, na nani atatafuta asichokijua? Mwaka 1992 kampuni ya Intel ikanunua sehemu ya hisa, nao wakapata pumzi.

Utendaji wake si wa miujiza. Tabaka mbili nyembamba zimeachanishwa kidogo. Zikibonyezwa zinagusana, na kompyuta inajua ni mahali gani. Kidole kinatosha, hata mpira wa tenisi. Picha ndiyo iliyoleta kero, maana ilitoka kwenye projekta: mwalimu akisimama mbele, kivuli chake kinafunika hesabu. Projekta ikitikiswa kidogo tu, unagusa hapa, mstari unachoreka pale. Somo linasimama mpaka mwalimu aguse misalaba midogo inayotokea ubaoni, mmoja baada ya mwingine, ili ubao na picha vielewane tena.

Waingereza ndio waliozipokea mbao hizi kwa mikono miwili. Serikali ya Tony Blair ilimwaga mamilioni ya pauni, na kampuni ya Promethean ya mjini Blackburn, iliyotengeneza mbao kama hizo, ikanawiri. Kufikia 2007, shule ya msingi isiyo na ubao wa aina hii Uingereza ilikuwa ya kutafuta kwa tochi.

Mwaka huohuo, watafiti wa Chuo Kikuu cha London waliokuwa wakifuatilia shule za sekondari za jiji hilo walitoa ripoti chungu. Katika Kiingereza, hisabati na sayansi, hawakuona ushahidi kwamba matokeo yamepanda. Tena katika madarasa ya wanafunzi wanaojikongoja, somo wakati mwingine lilipungua kasi: mmoja yuko mbele anagusa, wengine wamekaa wanasubiri zamu. Hapo ubao hauna kosa. Pesa zilitangulia, mafunzo ya walimu yakafuata kwa mbali.

Biashara nayo ilipanda na kushuka. Mwaka 2010 kampuni ya Calgary iliingia soko la hisa na kukusanya takribani dola milioni 660. Mwaka 2016 ikanunuliwa na Foxconn ya Taiwan kwa takribani milioni 200. Siku hizi inauza skrini bapa zinazotoa mwanga zenyewe. Projekta haihitajiki, na kivuli cha mwalimu hakifuniki tena hesabu.