Njia ya Kurudi: Historia ya Kinyume katika Hesabu

Katika mazungumzo ya kila siku, kinyume kina mapana yake. Baridi ni kinyume cha joto. Mtoto mkaidi ametenda kinyume cha maagizo. Hesabu haina uhuru huo. Kinyume cha tendo ni tendo linalokurudisha pale pale ulipoanzia, bila kupungukiwa na chochote. Umejumlisha 5? Utarudi kwa kutoa 5. Umezidisha kwa 3? Utarudi kwa kugawanya kwa 3. Naamini sehemu kubwa ya historia ya hesabu ni ya watu waliotafuta njia hiyo ya kurudi, na mara kadhaa walipoikosa ikabidi waunde namba mpya.

Karibu miaka 3,800 iliyopita, waandishi wa Babeli walihesabu kwa kizio cha 60, wakiandika kwenye vibao vya udongo. Ili kugawanya, walitumia majedwali ya vinyume: 2 iliwekwa pamoja na 30, 3 na 20, 8 na 7 na nusu, kwa kuwa kila jozi ikizidishwa huleta 60. Aliyetaka kugawanya kwa 8 alizidisha kwa 7 na nusu, kisha akashusha jibu daraja moja la 60. Lakini jedwali lao la kawaida liliruka kutoka 6 hadi 8. Namba 7 haina kinyume kinachokwisha katika kizio cha 60, kama theluthi isivyokwisha katika desimali zetu.

India ndiyo iliyolichimba wazo la kinyume kwa kina. Mwaka 499 Aryabhata alieleza namna ya kufumbua fumbo kwa kulianza mwishoni: palipozidishwa pagawanywe, palipojumlishwa patolewe. Tuseme namba imezidishwa kwa 3, ikaongezwa 5, ikawa 26. Toa 5 kwanza, upate 21, kisha gawanya kwa 3: ni 7. Mpangilio wenyewe nao umegeuzwa, na hapo ndipo wanafunzi wengi huteleza.

Mwaka 628 Brahmagupta alikwenda mbali zaidi. Aliandika kanuni za namba hasi akiziita deni, na namba chanya akiziita mali. Deni na mali vikiwa sawa, vikijumlishwa huleta sifuri. Kwangu mimi hii ni miongoni mwa hatua kubwa kabisa za akili ya binadamu, maana sasa kila namba ilipata mwenzake wa kuirudisha kwenye sifuri. Alipojaribu kugawanya kwa sifuri, hata hivyo, alikwama. Alisema sifuri ikigawanywa kwa sifuri ni sifuri. Karne ya 12 Bhaskara naye alidai kwamba namba ikigawanywa kwa sifuri huwa kiasi kisicho na ukomo. Leo hatukubali jibu lolote kati ya hayo. Zidisha 4 kwa sifuri, zidisha 9 kwa sifuri: zote zimemezwa, na hakuna tendo linaloweza kukwambia ulianza na ipi.

Baghdad, karne ya 9, al-Khwarizmi aliufanya urejeshaji kuwa utaratibu rasmi wa milinganyo: kilichotolewa upande mmoja hurudishwa kwa kujumlishwa pande zote mbili. Karne ya 17 ilileta ugunduzi mwingine. Tangu zama za Archimedes, kupima eneo lililozungukwa na mstari uliopinda na kutafuta mwinamo wa mstari huo zilionekana kazi mbili zisizohusiana. Isaac Barrow, kisha Newton na Leibniz, walionyesha kwamba moja ni kinyume cha nyingine, na kalkulasi ikasimama juu ya ukweli huo.

Kisha mambo yakageuka. Kwa maelfu ya miaka wataalamu walitaka kurudi kuwe rahisi. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walitafuta matendo ambayo kuyarudisha nyuma ni vigumu mno. Mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman, wakiwa MIT nchini Marekani, walipata moja. Kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni kazi ya kufumba na kufumbua kwa kompyuta, ila kuzitambua tena kutoka kwenye zao lake ni mateso. Mwaka 2020 watafiti walivunja zao la tarakimu 250. Kompyuta yenye kiini kimoja ingehitaji takriban miaka 2,700. Ugumu wa aina hiyo umelinda miamala ya benki na barua za siri kwenye intaneti kwa miongo kadhaa.

Ulinzi huo una ukomo. Mwaka 1994 Peter Shor alithibitisha kwamba kompyuta ya kwantamu yenye nguvu ya kutosha ingerudi nyuma kwa haraka. Kompyuta ya kiwango hicho bado haijajengwa, lakini Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya kwanza vya usimbaji vilivyojengwa juu ya matendo mengine, ambayo hadi sasa hakuna anayejua njia rahisi ya kuyarudisha.