Kichuguu cha Turkana, Mabati ya Nyamira

Mvua ya Nyamira haibishi hodi. Mwaka jana tulikuwa kwenye ukumbi mmoja wa jamii, vijana kama arobaini hivi, tukijadili uwanja wetu wa mpira ambao ulikuwa unataka kukatwa ploti. Saa tisa mvua ikashuka. Mabati yalipiga kelele hadi mwenyekiti akafunga daftari. Tukakaa saa nzima tukiangaliana tu, halafu kila mtu akaenda kwao. Uwanja ukagawanywa bila sisi.

Vijana wa Abagusii waliwahi kuwa na mahali pao. Waliishi kwenye ebisarate, kambi za kulinda ng'ombe. Huko walichunga, walijifunza vita, walicheza na kupiga stori. Baada ya misafara ya kijeshi ya 1905 na 1908, serikali ya kikoloni ilizivunja. Vijana wenye mikuki, wanaolala pamoja na kupanga mambo pamoja, si kitu mtawala anapenda.

Miaka mingi baadaye tukajengewa kumbi: kuta nne, madirisha ya vyuma, mabati bila dari. Kisii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Lodwar, kule jangwani Turkana, hupata kama 200. Lakini ukihamisha ukumbi wetu hadi Lodwar, hakuna atakayeshangaa. Huko utaoka watu, huku unawaziba masikio.

Turkana hiyo hiyo ina jengo lililokataa ramani hii. Kando ya ziwa, shirika la Learning Lions lina kampasi ya vijana kujifunza kazi za kompyuta, iliyokamilika 2021. Aliyeichora ni Francis Kéré wa Burkina Faso, ambaye 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda tuzo ya Pritzker. Alichukua somo kutoka kwa kichuguu. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hivyo hupanda na kutokea juu kwenye minara mirefu. Matundu ya chini huingiza hewa yenye ubaridi. Kuta ni za mawe ya huko huko, rangi yake ni ya udongo. Nje kuna vivuli vya kukaa watu wakitazama ziwa. Si ukumbi wa starehe, sawa, lakini watu wanakaa, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya ukumbi wowote.

Sisi pia tunakijua kichuguu. Utotoni tulikizunguka baada ya mvua tukingoja kumbikumbi. Hakuna aliyetuambia kwamba ni nyumba iliyochorwa vizuri, na mimi sikukaa chuoni muda wa kutosha kuambiwa.

Huku hatuhitaji minara. Tunahitaji dari nzito na baraza pana. Jiko la nyanya yangu liliezekwa kwa nyasi, na mvua ikinyesha namna gani, ulimsikia akiongea polepole.