Mkate wa Kila Siku Katika Mji wa Miradi: Historia ya Nachingwea na Ruangwa kwa Jicho la Imani

Utangulizi

Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther anauliza swali fupi kuhusu ombi la nne la Sala ya Bwana: mkate wa kila siku ni nini? Jibu lake huwashangaza wanafunzi wengi wa kipaimara, kwa sababu haliishii kwenye chakula na kinywaji. Anataja mavazi, nyumba, shamba, mifugo, mwenzi mwema na watoto wema, watawala wenye haki, hali njema ya hewa, amani, afya, marafiki na majirani waaminifu. Kwa Luther, Mungu hutulisha kwa njia ya watu na mambo ya kawaida ambayo kwa kuyazoea tunaacha kuyaona.

Insha hii inachukua jibu hilo na kuisoma nalo historia ya Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili jirani za mkoa wa Lindi. Historia yao kwa kawaida husimuliwa kama historia ya mipango iliyobuniwa mbali: mradi wa karanga wa Waingereza, kambi ya ukombozi ya FRELIMO, na sasa madini. Wenyeji huonekana kama watazamaji waliosimama pembeni ya barabara. Lakini tukiuliza swali la katekisimu, yaani mkate wa watu hawa ulitoka wapi na ulipitia mikono ya nani, tunakutana na historia nyingine, na kwa Kanisa ndiyo yenye mafundisho zaidi.

Nchi kabla ya mradi

Wamwera wameishi katika nchi hii tangu zamani, pamoja na majirani zao Wamakua, Wayao na Wamakonde. Walilima mtama na mihogo, wakawinda, wakafuata asali. Njia za misafara iliyokwenda Kilwa na Lindi zilipita kusini hii, na biashara ya watumwa iliacha jeraha katika koo nyingi. Mwaka 1876 Waanglikana wa misioni ya UMCA walianzisha makazi ya watumwa waliokombolewa huko Masasi. Wabenediktini walifuata katika Lukuledi na Nyangao, kisha Ndanda mwaka 1906. Vita vya Majimaji vya 1905 viliunguza misioni ya Masasi na Nyangao, na baada ya vita majeshi ya Wajerumani yaliteketeza vyakula hadi njaa ikaua watu wengi kuliko risasi.

Uislamu ulikuwa umeingia kutoka pwani, ukaenea zaidi baada ya vita hivyo. Hadi leo, katika familia nyingi za huku, ndugu wa tumbo moja mmoja husali Ijumaa na mwingine Jumapili, na wote hukaa mkeka mmoja penye msiba. Jando na unyago viliwaunganisha hata walipotofautiana dini. Askofu William Vincent Lucas wa Masasi alilitambua hilo. Badala ya kuivunja jando, aliipa sura ya Kikristo, ili kijana abatizwe bila kung'olewa katika ukoo wake.

Sisi Walutheri hatumo katika sura hizi za mwanzo. Misioni zetu zilijikita Usambara, Kilimanjaro, Uzaramo na Nyanda za Juu za Kusini. Kusini Mashariki tulifika baadaye, tukiwa wachache, tukakuta meza imekwisha kuandaliwa na wengine. Mchungaji wa Kilutheri anayeandika historia ya Nachingwea ni mgeni anayesimulia ukarimu aliofanyiwa. Si mwenye nyumba, na afadhali akumbuke hivyo.

Mnara ambao gharama yake haikuhesabiwa

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Serikali ya chama cha Labour, kupitia Waziri wake wa Chakula, John Strachey, iliamua mwaka 1946 kulima karanga Afrika Mashariki kwa kiwango ambacho hakijawahi kuonekana. Mpango wa awali ulitaka kusafisha zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa yake Tanganyika. Maeneo matatu yalichaguliwa: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Jimbo la Kusini ndilo lililotarajiwa kubeba sehemu kubwa kuliko yote, na kwa ajili yake ikapangwa bandari mpya ya maji ya kina huko Mtwara, na reli ya kutoka pwani hadi Nachingwea.

Mji wa Nachingwea kama tunavyoujua ulizaliwa hapo. Msitu ulifyekwa kwa matrekta, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Zikajengwa nyumba za wataalamu, karakana, hospitali na uwanja wa ndege. Vijana walikuja kutafuta kazi ya mshahara kutoka vijiji vya karibu na majimbo ya mbali, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi.

Karanga hazikuja. Kongwa, mahali kazi ilipoanza, mvua ilikuwa haba na udongo uligeuka mgumu kama saruji wakati wa kiangazi. Mashine ziliharibika kabla vipuri havijafika. Kusini, reli na bandari vilikuwa bado vinajengwa wakati mashamba yalikuwa tayari yanavihitaji. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuvunja mpango, ikafuta hasara ya takriban pauni milioni 36. Reli ya kusini iliendelea kwa miaka michache bila mizigo ya kutosha. Mwaka 1962 ilifungwa na vyuma vyake viking'olewa.

Katika Luka 14:28-30, Bwana Yesu anasimulia habari za mtu aliyeanza kujenga mnara bila kuketi kwanza na kuhesabu gharama, akaishia kuchekwa. Ni rahisi kulitumia andiko hilo kumcheka Strachey, na wengi wamefanya hivyo. Lakini tuangalie kilichoachwa kuhesabiwa. Fedha zilihesabiwa, ekari na tani zilihesabiwa pia. Ujuzi wa mkulima wa Kimwera haukuhesabiwa: mvua huanza lini, udongo upi hukubali jembe, mti upi ukikatwa nyuki huondoka. Mkulima huyo alikuwepo na alikuwa na majibu. Hakuna aliyeketi naye.

Mradi ulipokufa, watu walibaki. Waliokuja kwa mshahara wa mwezi walioa, wakapata viwanja na kufungua vibanda vya ushonaji na gereji. Majengo yaliyojengwa kwa ajili ya karanga yakapewa kazi nyingine. Wale wanaoiita Nachingwea mabaki ya mradi ulioshindwa hawajaona kwamba kwa watu hawa hapo ndipo mji ulipoanza kuwa wao.

Shamba 17 na ungamo lisilo na ondoleo

Mashamba yaliyoachwa hayakukaa kimya. FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962 chini ya Eduardo Mondlane, kilianza vita vya ukombozi wa Msumbiji mwaka 1964. Muda mfupi baadaye kikapewa eneo Nachingwea kwa ajili ya mafunzo ya kijeshi. Wenyeji wanaliita Farm 17 hadi leo, jina la enzi ya mashamba makubwa. Samora Machel aliongoza mafunzo hapo, na kundi la kwanza la wanawake wapiganaji lilifundishwa hapo pia mwaka 1967. Mei 1975 Machel alivuka mto Ruvuma na kuanza safari ya mwezi mzima kwenda mji mkuu. Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru.

Kwa takriban miaka kumi, mji mdogo uliishi na jeshi la jirani. Makumbusho hutaja makamanda. Mara chache hutaja kwamba mji huu ulikubali kuishi karibu na vita ambayo haikuwa yake. Katika hesabu ya Luther hilo nalo ni mkate wa kila siku: jirani mwaminifu anayekaa na mgeni hadi siku ya kurudi kwao.

Lakini historia ya imani haina ruhusa ya kuruka ukurasa wa aibu. Mwaka 1975, wiki chache kabla ya uhuru, watu waliohesabiwa kuwa wasaliti waliletwa mbele ya umati katika kambi ya Nachingwea. Miongoni mwao alikuwa Uria Simango, mchungaji wa Kipresbiteri aliyekuwa makamu wa rais wa FRELIMO tangu kuundwa kwake. Alilazimishwa kusoma hadharani ungamo refu la makosa yake. Baadaye aliuawa huko Msumbiji bila kufikishwa mahakamani.

Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu siasa za Simango. Sisi tunaofundishwa kwamba kuungama kuna sehemu mbili, kukiri dhambi na kupokea ondoleo, tunapaswa kuliona jambo lililotendeka pale kwa jina lake. Ungamo lililotolewa kwa nguvu, na lisilofuatwa na ondoleo, ni kiigizo cha sakramenti kilichogeuzwa kuwa silaha. Lilitendeka katika uwanja uleule ulioandaa uhuru wa taifa zima. Jambo jema na jambo ovu vilimea katika shamba moja, kama ngano na magugu katika Mathayo 13. Anayesifu kambi hiyo bila kumtaja Simango hasemi kweli yote, na anayemtaja Simango bila kutaja uhuru hasemi kweli yote pia.

Korosho, ghala na kangomba

Wakati majina makubwa yakija na kuondoka, mikorosho iliendelea kukua. Ndiyo iliyojenga nyumba za bati na kulipa ada za shule katika wilaya hizi, pamoja na ufuta. Kazi yake haina fahari: kupalilia, kupuliza salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, kuokota, kukausha, kupanga foleni kwenye chama cha msingi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza Kusini mwaka 2007, mkulima hupeleka korosho ghalani na kusubiri mnada. Wakulima wa hapa wanauza kupitia chama kikuu cha RUNALI, jina linalounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale.

Mahubiri ya mavuno hayawezi kuyakwepa mambo haya. Mnamo 2018 bei za mnada ziliposhuka, wakulima walikataa kuuza, na Novemba serikali ikatangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likipewa kazi ya kuzisomba. Kila familia ilijifunza maana ya kusubiri. Na jambo linalowaumiza zaidi ya bei ya mnada ni kangomba: mtu mwenye akiba humpa jirani mwenye njaa fedha kidogo kabla ya msimu, kisha hubeba korosho zake kwa bei ya kutupa. Mnunuzi wa kangomba hatoki London. Mara nyingi ni mtu wa mtaa uleule, na pengine huketi benchi la mbele ibadani. Torati ilikataza kumfanyia ndugu maskini hivyo (Kutoka 22:25), na nabii Amosi aliwakemea waliomnunua maskini kwa jozi ya viatu. Tukiwalaumu Waingereza wa 1946 kwa kutomhesabu mkulima, tujiulize kama sisi tunamhesabu.

Kinywe na swali la leo

Ruangwa, iliyopata kuwa wilaya katika miaka ya 1990, sasa inatajwa mbali kwa mambo ambayo wazee hawakuyategemea. Timu ya Namungo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019 na kufika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21, na siku za mechi mji mzima, Waislamu kwa Wakristo, huwa familia moja. Chini ya ardhi kuna kinywe, madini yanayotumika katika betri za magari ya umeme, na Nachingwea kuna nikeli.

Kufanana na mwaka 1946 ni dhahiri. Wakati ule mafuta ya kula yalikosekana katika jiko la Uingereza. Leo betri zinahitajika katika miji ya mbali. Hatusemi mradi ni dhambi. Ajira, barabara na kodi ni sehemu ya mkate tunaouomba. Lakini Luka 14 inadai hesabu kamili. Makaburi yatakayohamishwa yamehesabiwa? Mikorosho inayokatwa imelipwa kwa miaka ambayo ingezaa, au kwa kuni zake tu? Maji ya kijiji yatakuwaje siku mgodi utakapofungwa? Na ni nani ameketi na mkulima kabla ya ramani kuchorwa?

Hitimisho

Yeremia aliwaandikia wahamishwa wa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wautafute usalama wa mji waliomo (Yeremia 29:5-7). Hakuwaambia wausubiri mpango mkubwa wa mfalme. Watu wa Nachingwea na Ruangwa wamefanya hivyo kwa vizazi, wengi bila kuisoma barua hiyo. Waliupokea mji wa karanga karanga zilipokwisha, wakakaa na wapigania uhuru hadi walipoondoka, wakalima korosho bei ikipanda na ikishuka.

Wajibu wa usharika katika mji wa namna hii unaeleweka. Uwe mahali ambapo gharama inahesabiwa kwa sauti, pamoja na majirani Waislamu, Wakatoliki na Waanglikana waliotutangulia. Upinge kangomba kuanzia kwa wazee wake wa kanisa. Usimlazimishe mtu kuungama, na asikose ondoleo yule anayeungama kwa hiari. Na kila Jumapili, tunapoomba mkate wa kila siku, tuwe na maana ya shamba, ghala, jirani na mvua ya mwaka huu. Luther alikuwa na maana hiyo, na mkulima wa Kimwera aliijua kabla hatujafika.