Klachi ya Msumeno wa Mnyororo Inapopata Moto: Dalili, Chanzo na Matengenezo

Msumeno wa mnyororo, maarufu kwa jina la chensoo, ni nyenzo muhimu kwa wakulima na wavunaji wa miti katika Kata ya Miono, Halmashauri ya Wilaya ya Chalinze, mkoani Pwani. Miongoni mwa hitilafu zake ni klachi kupata moto kupita kiasi. Wamiliki wengi hukimbilia kununua klachi mpya, ilhali chanzo cha joto mara nyingi kiko mahali pengine. Kipuri kipya kikifungwa bila chanzo kuondolewa, nacho kitaungua.

Namna klachi inavyofanya kazi

Klachi ina viatu vilivyoshikwa na springi ndani ya ngoma ya chuma. Injini inapounguruma taratibu, springi huvizuia viatu na mnyororo husimama. Mafuta yanapobanwa, viatu hutanuka, hushika ngoma na kuuzungusha mnyororo. Joto huzidi pale viatu vinapoteleza juu ya ngoma isiyozunguka au inayozunguka kwa shida.

Dalili

Mtumiaji asimamishe kazi mara aonapo moshi au asikiapo harufu ya kuungua karibu na kifuniko cha klachi. Dalili nyingine ni mnyororo kukwama ndani ya gogo huku injini ikivuma kwa nguvu, ngoma kugeuka rangi ya bluu, kifuniko cha plastiki kuyeyuka, na mnyororo kuendelea kuzunguka baada ya mafuta kuachiwa. Dalili hii ya mwisho ni ya hatari zaidi, kwa kuwa mnyororo usiosimama unaweza kumkata mtumiaji anapohama kutoka mti mmoja kwenda mwingine.

Vyanzo vya kuchunguza kwanza

Chanzo cha kawaida ni kubana mafuta huku breki ya mnyororo ikiwa imefungwa. Vingine ni mnyororo butu, mnyororo uliokazwa mno, ukosefu wa oili ya mnyororo, na kulazimisha msumeno uliobanwa na gogo. Mnyororo uliokazwa vizuri hugusa sehemu ya chini ya bapa, lakini huvutika kwa mkono uliovaa glavu.

Hatua za matengenezo

1. Zima injini, acha msumeno upoe kabisa, kisha chomoa waya wa plagi.

2. Achia breki, ondoa kifuniko, bapa na mnyororo, kisha safisha unga wa mbao na oili iliyoganda.

3. Toa plagi, ingiza kamba safi kwenye tundu lake ili kuzuia pistoni, na uache ncha ya kamba nje. Usitumie bisibisi, kwani huharibu pistoni.

4. Fungua klachi. Katika misumeno mingi hufunguka kwa kuzungushwa kufuata mshale wa saa, kinyume cha nati za kawaida. Fuata alama iliyopo juu yake.

5. Badilisha ngoma yenye ufa, mifereji au rangi ya bluu. Viatu vilivyolika na springi zilizolegea vibadilishwe vyote kwa pamoja.

6. Kagua beringi ya sindano na uipake grisi. Kagua pia gia ndogo inayoendesha pampu ya oili, kwani ile ya plastiki huyeyuka kwa joto.

7. Baada ya kufunga, washa msumeno bila kubana mafuta. Mnyororo ukizunguka, punguza mwendo wa injini kwa skrubu yake. Ukiendelea kuzunguka, msumeno usitumike mpaka fundi aukague.

Tahadhari ya moto na sheria

Klachi yenye moto, petroli na unga mkavu wa mbao vinaweza kuanzisha moto. Tahadhari hiyo ina uzito Miono, eneo lisilo mbali na Msitu wa Zaraninge, ulio sehemu ya Hifadhi ya Taifa Saadani. Wakati wa kiangazi, msumeno wenye moto usiwekwe juu ya nyasi kavu, wala usijazwe mafuta kabla haujapoa.

Aidha, wananchi wanakumbushwa kwamba uvunaji wa mazao ya misitu katika hifadhi za misitu huhitaji kibali kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Ubora wa msumeno haumwondolei mmiliki wajibu huo.